Miche 320, madume 149: mipapai yangu ya Kayenze na hesabu ya kromosomu

#1 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi ni mrefu, vumilieni. Nimeuandika kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani Igoma au Sengerema anajiandaa kununua miche ya mipapai wiki hii.

Mwaka jana vuli ilipoanza nilipanda miche 320 huku Kayenze, Mwanza, nusu ekari, udongo wetu ule wa kichanga unaopita katikati ya mawe. Muuzaji aliniapia kwamba ni majike matupu, nami nikamlipa bei ya majike matupu. Kila shimo liliingia samadi debe moja. Siku mvua ilipochelewa nilivuta maji ziwani kwa pampu ya kuazima.

Mwezi wa tano maua yakaanza. Mengine yalitoka kwa wingi mpaka nikafurahi: mikufu mirefu inayoning'inia, viua vyeupe vidogo, harufu tamu ikifika jioni. Mama alikuja kutoka Magu kunitembelea, akasimama mstari wa kwanza tu, akasema, "Mwanangu, haya ni madume."

Nilihesabu siku ileile, mstari kwa mstari, nikifunga utepe mwekundu kwenye kila dume. Miche 16 ilikuwa imekufa. Iliyobaki ni 304. Madume 149, majike 155. Wa jinsia mbili hakuna hata mmoja.

Nikarudi kwa muuzaji. Sitamtaja na naomba msiniulize, tulishamalizana. Alichonijibu ndicho kilichoniuma zaidi ya pesa. Alisema mvua ilizidi, ndiyo maana miche "imegeuka". Jirani akasema nipige misumari kwenye shina. Mwingine akasema nikate vichwa mwezi ukiwa mchanga. Kila mtu ana dawa, ila hakuna aliyeniuliza mbegu ilitoka kwenye papai gani lililozaliwa na mti gani. Na hilo ndilo swali lenyewe.

Nimesoma, nimeuliza wanaojua, nimekaa shambani na wembe. Naeleza nilivyoelewa.

Mpapai una kromosomu 18 (vile vinyuzi ndani ya seli vinavyobeba urithi), yaani jozi 9. Jozi moja kati ya hizo ndiyo inayoamua jinsia, kama ilivyo kwetu binadamu: kuna X na kuna Y. Ila mpapai una Y za aina mbili. Kuna Y ya dume halisi, na kuna Y nyingine inayoandikwa Yh, ya mti wa jinsia mbili. Basi:

XX ni jike.
XY ni dume.
XYh ni wa jinsia mbili, ule unaotoa mapapai marefu yanayopendwa sokoni.

Mbegu ikipata Y mbili, ziwe za aina yoyote ile, haifiki popote. Inafia ndani ya tunda ikiwa bado kiinitete. Shikeni hapo, maana hesabu yote inasimama juu ya jambo hilo.

Sasa rudini kwenye namba zangu. Jike anatoa X tu. Dume anatoa X nusu na Y nusu. Wakikutana, nusu ya mbegu ni majike na nusu ni madume. Mimi nilipata 155 kwa 149. Maana yake miche yangu haikutoka kwenye mbegu ya mti wa jinsia mbili. Mtu alikula papai la duara la kijijini, mama yake jike, baba yake dume la jirani, akakausha mbegu, akaniuzia. Mvua haikugeuza kitu. Jinsia ilikuwa imeshaamuliwa siku chavua ilipoingia kwenye ua, kabla mbegu haijajulikana ni mbegu.

Sikuandika ili nilalamike. Naomba kila mwenye mipapai hapa aende shambani, ahesabu, aweke namba zake. Naamini namba zitatuambia wazazi wa miche ni akina nani.

#2 Dereva wa Busisi

Pole sana mkuu. Nusu ekari na samadi yote hiyo! Natia kambi hapa, nina mpango wa kupanda Usagara.

#3 MamaMiche

Pole mdogo wangu. Mimi nina kitalu Kisesa mwaka wa tisa huu na umeniumiza, kwa sababu watu kama huyo ndio wanaotuharibia jina sisi tunaojitahidi.

Namba zangu hizi. Msimu uliopita nilijaza trei kwa mbegu za mti wangu mmoja wa jinsia mbili, mapapai marefu, nyama nyekundu. Miche 90 niliipanda kwangu mwenyewe ili nijue ninachouza. Ikatoa maua: majike 31, jinsia mbili 59. Dume hata moja halikutokea. Sikuwahi kujua kwa nini majike hayaishi hata nikichagua mti mzuri kiasi gani. Nilidhani nakosea kuchagua.

#4 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

Dada, hujakosea popote. 31 kwa 59 ni moja kwa mbili kabisa!

Mti wako ni XYh. Umejichavusha wenyewe. Anatoa X nusu, Yh nusu, kwa upande wa mama na kwa upande wa baba. Zikikutana: X na X ni jike, fungu moja. X na Yh ni jinsia mbili, mafungu mawili, kwa sababu inaweza kuja kwa njia mbili. Yh na Yh, fungu la nne, limekufa ndani ya tunda na hukuliona. Yanabaki matatu: jike moja, jinsia mbili mbili.

Ndiyo maana nasema kwa herufi kubwa: HAKUNA MBEGU YA MPAPAI INAYOTOA JINSIA MBILI ASILIMIA MIA. Hesabu haikubali, kwa sababu mti wenye Yh mbili hauishi, na bila huo huwezi kupata mzazi anayetoa Yh peke yake. Atakayekuahidi hivyo kwa mbegu, mwambie akuonyeshe. Kinachowezekana ni kuotesha kutoka kwenye vipande vya mti wenyewe, kwa vipandikizi au maabara, hapo mtoto anakuwa nakala ya mzazi.

#5 BintiNansio

Nami naweka za kwangu, ila mimi zinanichanganya. Niko Ukerewe. Nilichukua mbegu kwenye papai refu, mti wa jinsia mbili nina hakika nao, nimeuona kwa macho yangu miaka mitatu. Nimepanda 48. Majike 17, jinsia mbili 15, madume 16. Sasa kwa maelezo yako dume limetoka wapi kwenye mti usio na Y ya dume?

#6 Ticha wa Baiolojia

Nilikuwa nasoma kimyakimya lakini hii imenivuta. Nafundisha sekondari hapa mjini.

BintiNansio, karibu na mti ule kuna mpapai dume? Wako au wa jirani?

#7 BintiNansio

Upo, ticha. Kwa shangazi, ng'ambo ya ua, hatua kama ishirini. Mkubwa, unatoa mikufu mwaka mzima.

#8 Ticha wa Baiolojia

Basi baba tumempata. Mama XYh, baba XY. Andika mwenyewe kwenye karatasi: X na X jike, X na Y dume, Yh na X jinsia mbili, Yh na Y inakufa. Mafungu matatu yanayolingana. 17, 15, 16. Nimefundisha urithi miaka kumi na moja kwa njegere za Mendel ambazo wanafunzi wangu hawajawahi kuziona zikiota. Wiki ijayo nafundisha kwa mipapai ya Nansio, ukiniruhusu.

Ua la jinsia mbili kwa kawaida hujichavusha lenyewe, maana stameni zake (vijiti vya chavua) ziko ndani palepale na ovari (kifuko cha mbegu). Lakini halijafungwa kwa kufuli. Chavua ya jirani ikiwahi, imewahi. Kwa mbegu ya kupanda, funika ua kwa bahasha ya kaki likiwa bado halijafunguka, funga shingo kwa uzi, acha mpaka petali zianguke na kitunda kionekane. Kisha weka alama kwenye kikonyo ili usije ukachuma lingine.

Niongeze historia kidogo, kwa sababu watu wanadhani haya yamegunduliwa juzi. Mwaka 1938 watu wawili wasiofanya kazi pamoja, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, walichapisha hesabu za aina hiihii tunayofanya hapa: kupandisha, kuotesha, kuhesabu. Wote wawili wakafika kwenye mafungu haya na kwenye kundi linalokufa. Hawakuwa na kifaa cha kusoma DNA, walikuwa na mashamba na subira. Mwaka 2004 ndipo wanasayansi waliposoma kromosomu yenyewe na kukuta kweli kuna kipande cha Y kisichochanganyika na X. Mwaka 2008 jenomu ya mpapai, yaani DNA yake yote, ikachapishwa.

#9 Mzee wa Mwaloni

Vijana, salamu. Nimewasoma wote. Mimi nilivua samaki miaka thelathini, sasa nalima Sangabuye. Msidharau ya wazee. Mpapai dume nimeupiga misumari mitatu mwaka wa juzi, ya nchi nne, na ukazaa. Mapapai yalining'inia kwenye mikia mirefu, nimekula. Sasa mnaniambia jinsia iliamuliwa kwenye mbegu. Mimi nilikula nini?

#10 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Ulikula papai, sina shaka hata kidogo, na wala siyo wewe peke yako. Dume kuzaa ni jambo la kweli.

Nilivyoelewa, ua la dume si kwamba halina kabisa sehemu ya kike. Ukilipasua kwa wembe unakuta stameni kumi zenye unga wa njano, na katikati kijiti chembamba kama sindano. Hicho ni ovari iliyozimwa. Hali ya hewa ikibadilika, joto au baridi, baadhi ya madume huachia kidogo, maua ya mwisho wa mkufu yanapata ovari inayofanya kazi, na tunda linatoka. Ndiyo maana linaning'inia kwenye mkia mrefu: ni mkufu uleule wa dume. Kromosomu zake hazikubadilika, bado ni XY. Jike ndiye asiyeyumba, joto lije, baridi ije.

Naomba nikuulize mzee wangu, bila ubishi. Mwaka ule ulikuwa na madume mangapi, na uliyapiga yote?

#11 Mzee wa Mwaloni

Marahaba. Yalikuwa matano. Nilipiga matatu, misumari ikaniishia. Kati ya yale matatu ulizaa mmoja.

Nimekaa nikafikiri kabla ya kujibu. Kati ya mawili ambayo sikuyapiga, moja nalo lilitoa matunda mawili madogo. Nilisema labda limeogopa mwenzake. Nimeandika ukweli wangu.

#12 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

Asante sana mzee. Watu wengi wangeficha hilo la pili. Kama una madume mengine msimu huu, naomba piga nusu, acha nusu, hesabu yote. Utakuwa na neno zito kuliko letu sote.

Ila moja ningekusihi: usichukue mbegu za papai lile la mkia. Dume likijichavusha, X na Y zake zinakutana zenyewe kwa zenyewe: jike fungu moja, dume mafungu mawili, YY limekufa. Utapata madume mengi kuliko hata mimi.

#13 Dereva wa Busisi

Kwani huyu Y wa jinsia mbili katoka wapi? Mungu aliumba mipapai ya aina tatu tangu mwanzo?

#14 Ticha wa Baiolojia

Swali zuri. Mipapai ya mwituni, kule asili yake Amerika ya Kati, ni madume na majike tu. Wa jinsia mbili ni kazi ya mkono wa mkulima. Y ya dume inafanya kazi mbili: inawasha udume na inazima ujike. Yh inawasha udume lakini haizimi ujike, kwa hiyo ua linabaki na vyote. Ukilinganisha Y hizo mbili unakuta zinafanana mno, ni ndugu wa karibu, na makadirio ni kwamba zimetengana miaka kama 4,000 hivi. Maana yake kuna mkulima wa kale aliyeona mti mmoja wa ajabu, hauhitaji mwenzi, akautunza, akapanda mbegu zake, na jirani yake akaomba. Sisi tunaouza mapapai marefu pale Soko Kuu tunakula jasho lake.

Y yenyewe ya mpapai ni changa kwa kipimo cha kromosomu. Ilianza kuachana na X miaka kama milioni 7 iliyopita. Yetu binadamu ni ya zaidi ya miaka milioni 100, imesinyaa ikabaki kidogo mno ukiilinganisha na X. Na hapa kuna jambo linalonipendeza kila ninapolifikiria. Y ikiacha kuchanganyika na X, haina pa kusahihishia makosa. Jeni ikiharibika imeharibika. Ya kwetu imepungua, lakini ya mpapai kwa sasa inanenepa: kipande cha Yh kina herufi za DNA kama milioni 8 wakati kipande cha X kinacholingana nacho kina milioni 3.5 hivi. Siyo utajiri, ni takataka zinazojirudia ambazo hazina wa kuzifagia. Na ndani ya fujo hiyo kuna kitu cha lazima kilichopotea, ambacho X bado inacho. Ndiyo sababu mtoto mwenye Y mbili hawezi kuishi: hana X ya kumfunika.

#15 BintiNansio

Ticha, mimea yote basi ina X na Y? Mahindi je?

#16 Ticha wa Baiolojia

Hapana, na hili watu wengi hawalijui. Mimea mingi inayotoa maua ina dume na jike kwenye ua lilelile. Pamba, maharage, nyanya, zote hivyo. Mahindi yana vyote kwenye mmea mmoja ila mahali tofauti: mbelewele juu ndiyo dume, ndevu za gunzi ndiyo jike. Maboga hali kadhalika, ua dume na ua jike kwenye mtambaa mmoja. Hao hawana kromosomu za jinsia.

Wenye miti ya dume na miti ya jike mbalimbali ni wachache, kama aina 6 katika kila 100. Mtende ni mmojawapo, ndiyo maana watu wa Mashariki ya Kati tangu zama za kale hupanda juu na kuchavusha majike kwa mkono. Na kila ukoo umejitengenezea jinsia zake kivyake, mara nyingi mno, ndiyo maana sheria hazifanani. Asparaga ina XY kama mpapai, lakini YY wake anaishi vizuri tu na wakulima wanamtafuta kwa makusudi, kwa sababu watoto wake wote ni madume na kwenye asparaga dume ndilo lenye faida. Kuna ua la Ulaya linaitwa Silene latifolia, Y yake ndiyo kromosomu kubwa kuliko zote alizonazo. Hilo lilionekana kwa darubini tangu 1923. Na kuna mimea iliyopindua kabisa, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, sawasawa na kuku wako hapo uani. Kwa kuku, jogoo ana mbili zinazofanana na mtetea ndiye mwenye tofauti.

#17 Mzee wa Mwaloni

Mivumo nayo ni hivyo. Tangu utoto tunajua kuna mvumo unaozaa yale matunda makubwa ya rangi ya machungwa na kuna usiozaa kamwe, unatoa mikia tu. Na mng'ongo vilevile. Kule nilikozaliwa watu walikata ming'ongo isiyozaa, wakasema ni tasa, inakula ardhi bure. Baada ya miaka iliyobaki ikapunguza kuzaa. Wazee wakasema ni laana. Leo nasoma hapa nasema kumbe tulikata waume zao.

#18 MamaMiche

Mzee, umenigusa. Naomba vijana wanaokata miti kwa ajili ya mkaa wasome hiyo namba 17.

#19 Dereva wa Busisi

Na gugu maji? Lile linazaana bila dume wala jike, maana wiki moja linafunga mwalo mzima.

#20 Ticha wa Baiolojia

Gugu maji lina ua la jinsia mbili, lile zuri la zambarau. Kwao Amerika ya Kusini lina maumbo matatu ya ua yanayotofautiana kwa urefu wa shingo ya kike, refu, la kati na fupi, na chavua hupokezana baina yake. Huku ugenini lilifika zaidi lile la kati, wenzake hawapo. Halikuhitaji. Linatoa kikonyo pembeni, kikonyo kinakuwa mmea, mmea unatoa kikonyo. Tangu lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya tunachokiona ni nakala juu ya nakala. Mbegu nazo zipo, zinalala kwenye tope miaka mingi zikisubiri. Ndiyo maana ukiliopoa lote leo, kesho linachungulia.

#21 MamaMiche

Turudi kwenye mipapai kabla hatujazama ziwani. Mtu anayenunua mche wa sentimita 20 kwangu atajuaje?

#22 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

Kwa macho hajui, dada, na wewe hujui, na mimi sijui. Watu wanasema mizizi iliyonyooka ni dume, mbegu nyeusi ni dume, mbegu inayozama ni jike. Hakuna inayosimama. Maabara inaweza kupima kwa kipande cha jani, vipimo vya DNA vya mpapai vipo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ila kwa mkulima wa nusu ekari hiyo bado ni mbali. Kinachobaki ni hesabu na wembe.

Hesabu kwanza. Shimo moja, miche mitatu, umbali wa kiganja. Mbegu ikiwa ya mti wa jinsia mbili uliofunikwa, kila mche una nafasi mbili kati ya tatu. Yote mitatu kutoka majike ni theluthi mara theluthi mara theluthi, yaani shimo 1 katika kila 27. Mashimo 26 yatakuwa na angalau mmoja wa jinsia mbili. Unabakiza mmoja, unakata wengine chini kabisa kwa panga, usiwang'oe, mizizi imeshashikana.

Ukiwa na mbegu ya kijijini kama yangu, kila mche nafasi yake ni nusu. Miche mitatu kwa shimo inakupa jike kwenye mashimo 7 kati ya 8. Bakiza dume moja kwa kila majike kumi na tano hivi. Usimalize yote! Mimi nimebakiza kumi.

Sasa wembe. Usisubiri ua lifunguke. Tafuta chipukizi la urefu wa kama pingili ya kidole. La jike ni nene chini na limechongoka juu, kama ncha ya mshumaa uliowashwa, na limekaa karibu na shina. Lipasue kwa urefu: ndani kuna ovari ya mviringo, ya kijani hafifu, imejaa nafasi yote, na pembeni hakuna kitu. Hakuna unga. La jinsia mbili limejaa zaidi juu kuliko chini, limenyooka. Ukilipasua unakuta ovari nyembamba ndefu kama kiberiti kilichovimba, na kuizunguka, stameni kumi za njano zimepangana kwenye mdomo wa mrija. La dume ni jembamba kama msumari mdogo, liko kwenye mkufu pamoja na wenzake. Utomvu utatoka, usiguse macho.

Jifunze kwenye maua matano ya kila aina. Nami nilikosea mawili ya kwanza.

#23 BintiNansio

Kitu kimoja zaidi. Nilikuwa nafukuza vipepeo wakubwa wa jioni kwenye mipapai, nikidhani wanaharibu.

#24 Ticha wa Baiolojia

Usiwafukuze kabisa! Ni nondo, wale wenye mwili mnene wanaosimama hewani mbele ya ua wakipiga mabawa. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa 2009 uliwakuta hao ndio wachavushaji wakuu wa mipapai vijijini, na shamba lililo karibu na uoto wa asili lilinufaika zaidi. Ua la dume lina asali. La jike halina. Nondo anatoka kunywa kwa dume, anaingia kwa jike kwa kukosea giza likianza, anagundua hakuna kitu, anaondoka. Sekunde hiyo moja ya kukosea ndiyo inayokupa papai. Ukipuliza dawa saa kumi na mbili jioni umepuliza mkunga.

#25 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

MREJESHO, miezi nane baadaye.

Wakuu, samahani kwa ukimya. MamaMiche alinipa mbegu za maua aliyoyafunika kwa bahasha, papai moja lililofungwa uzi mwekundu. Nimepanda mashimo 60, miche mitatu kila moja, upande wa chini karibu na kisima. Wiki hii nimemaliza kupita na wembe.

Madume: hakuna. Katika miche 180 imekufa 9. Majike 58, jinsia mbili 113. Kabla sijaanza kupasua niliandika ukutani kwa mkaa kwamba mashimo kama mawili hivi yatatoka majike matupu. Yametoka matatu.

#26 MamaMiche

Nimepiga kigelegele hapa kitaluni mpaka wateja wamegeuka. Hayo mashimo matatu umeyafanyaje?

#27 Mzee wa Mwaloni

Mimi nilipiga manne, nikaacha manne. Kwenye yaliyopigwa limezaa moja. Kwenye yasiyopigwa yamezaa mawili. Misumari nimeing'oa, nimeifungia banda la mbuzi.

#28 Mkulima wa Ziwani (mleta uzi)

Mzee, heshima yako. Naomba ruhusa niziandike hizo namba ukutani kwangu pamoja na zangu.

Dada, mashimo matatu nimeyabakizia jike mmoja mmoja. Mama anapenda mapapai ya duara, na yale madume kumi ya zamani bado yapo upande wa juu, jioni nawaona nondo wakishuka.